Mkono Ndio Geji ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilifungwa kitambaa machoni. Foremani wa gereji ile, jirani na stendi ya Shinyanga, alinisogeza hadi kwenye injini inayounguruma huku mafundi wengine wakicheka. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya bomba jembamba. Niliuondoa upesi maana lilikuwa la moto. Akaurudisha, safari hii juu ya bomba la pili, nene kidogo. Hilo lilikuwa baridi na lina jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

"Umeona?" akaniuliza.

"Sijaona, Foremani. Umenifunga macho."

Wenzake wakazidi kucheka, yeye hata meno hakuonyesha. "Umeona," akasema. "Mkono ndio geji ya kwanza. Ukisubiri geji ya chuma ikwambie kila kitu, utajaza gesi mpaka bomba likupasukie usoni."

Ndivyo nilivyoanza ufundi wa AC za magari, na ufundi huo ndio umenizeesha. Ninyi vijana mnaojaza gesi kama mnaojaza maji kwenye ndoo, nawaomba mnisikilize kidogo. Sina haraka. Mtu aliyestaafu, anayekaa peke yake hapa Shinyanga, mtaa wa Kambarage, katika nyumba ya vyumba vitatu, haraka ataitoa wapi?

Foremani alinifundisha jambo ambalo mpaka leo naona watu wazima hawalijui: AC haitengenezi baridi. Inachukua joto huku na kulipeleka kule, basi. Kompresa ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, na kazi yake ni kuikandamiza gesi mpaka ipate moto. Gesi hiyo inakwenda kwenye kondensa, ule wavu wa bati ulio mbele ya rejeta, inauachia upepo joto lake na kugeuka majimaji. Hapo inapenya kwenye kitundu chembamba na kuingia evapareta, sega lingine la bati lililojificha nyuma ya dashibodi. Ikiingia humo inapanuka ghafla na kuwa baridi kali, kisha feni inapuliza hewa ya ndani ya gari ipite katikati ya sega lile. Joto la abiria linabebwa na gesi, linarudi kwa kompresa kupitia lile bomba nene. Ukilielewa hilo, mengine yote ni kutafuta ni wapi njia imeziba au imevuja.

Shinyanga ya wakati huo adui wetu alikuwa pamba. Msimu wa kuuza ukifika, malori yalipita usiku na mchana kwenda kwenye vinu, na nyuzi nyeupe zikaruka barabarani zikanasa popote. Gari lililofuata nyuma ya malori hayo lilirudi limevaa blanketi kati ya kondensa na rejeta. Fundi asiyejua angeona AC haipozi, akasema gesi imekwisha, akaongeza. Foremani alikuwa anapitisha kidole hapo katikati, anatoa kidonge cha pamba, anakushikisha mkononi. Kuuliza si ujinga, lakini kwake kuuliza kabla ya kugusa kulikuwa ujinga kabisa.

Kuna mteja mmoja, bwana wa kinu, alirudi gereji siku chache baada ya kutengenezewa, amenuna. Tukadhani AC imekufa tena. Kumbe sivyo. Alisema tangu gari lianze kupoa anapita barabarani madirisha yamefungwa, na wazee wa mtaani kwake wanasema ameanza maringo, hasalimii. Kwetu huku mtu kupita bila salamu ni kesi. Foremani akamwambia ashushe kioo akifika karibu na watu, joto litakaloingia litarudi kutolewa. Tulimcheka sana yule bwana alipoondoka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa ameleta malalamiko ya maana.

Maana kazi yangu ilikuwa ya upweke, acheni niseme. Fundi wa injini hufanya kazi na wenzake, mmoja anashika taa, mwingine anavuta. Wa AC akimaliza lazima akae ndani ya gari, afunge madirisha yote, asubiri aone kama baridi inadumu. Nje unaona watu wanacheka na midomo inachezacheza, husikii neno. Humo ndani uko wewe na sauti ya klachi ya kompresa ikidaka na kuachia, tak, kisha kimya, tak tena. Nimeyatumia maisha yangu nyuma ya kioo nikiisikiliza hiyo tak.

Na mikono. Kazi hii inapoza mikono, hasa ukiwa umeshinda na mabomba na gesi. Marehemu mke wangu, Mama Sabina, alikuwa na desturi. Nikiingia nyumbani, kabla hata ya kunipa maji ya kunawa, alinishika mikono na kuifumbata katikati ya viganja vyake. "Leo tena umeshika barafu," alikuwa anasema. Nami kwa njaa zangu nilikuwa naichomoa upesi nikimbilie ugali.

Kutoka Shinyanga nilikwenda Geita, kwenye karakana ya mkandarasi mmoja aliyekuwa anachimba na kubeba mawe mgodini. Huko sikukutana tena na pamba, nilikutana na vumbi la mawe yaliyosagwa, jepesi, linaloelea hewani kama unga wa muhogo. Aliyenipokea alikuwa Mkuu wa Karakana, mtu mrefu, mkavu, mwenye leso shingoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, akanionyesha mstari wa malori makubwa ambayo kimo cha tairi zake kinampita mtu.

"Sikukuajiri upoze watu," aliniambia. "Nimekuajiri uzuie vumbi. Dereva akipata joto atatoka jasho, jioni ataoga. Akivuta vumbi hili hakuna bafu la kumuosha. Ziba kila tundu."

Ziba kila tundu. Neno hilo lilikuwa kama salamu yake. Tulikagua raba za milango, tukabadilisha machujio, tukapachika mpira palipopita nyaya. AC ya lori la mgodi inapuliza hewa safi kwa nguvu ndani ya kabini ili vumbi lisipate nafasi ya kuingia, na Mkuu aliweza kusimama nje ya mlango na kusikia hewa inavuja wapi. Madereva walimwogopa, na nyuma yake walimtania kwamba angeweza angewaziba hata pua. Lakini hakuna dereva wa zamu yetu niliyemsikia akilalamika kifua.

Aliyelalamika kifua ni yeye mwenyewe. Kwa miaka yote niliyokuwa chini yake, Mkuu hakukaa ndani ya kabini. Alishinda nje, katikati ya vumbi, na leso yake ile, akikagua magari ya wenzake. Barakoa aliivaa wakaguzi walipokuja. Alipostaafu alikuwa anapanda ngazi na kusimama katikati kama mtu aliyesahau kitu. Madaktari wa Mwanza walimwambia mapafu yamejaa makovu, hayarudi, na kwamba vumbi la barabarani tu linatosha kumlaza.

Mimi nilitoka mgodini baadaye kidogo, nikafungua kibanda changu Kagongwa, kando ya barabara kuu, nikiwahudumia madereva wa malori yanayokwenda Isaka. Mkuu naye alijenga hapo hapo Kagongwa, kwa hiyo tukawa majirani wa kupeana hali. Kisha Mama Sabina akaugua, akafariki. Kibanda kikanishinda, si kwa sababu ya uzee tu. Nilikuwa nikifunga jioni najikuta sijui nafunga ili niende wapi. Nikarudi Shinyanga, kwenye nyumba tuliyoijenga pamoja. Binti yetu Sabina ameolewa Mbeya, hupiga simu Jumapili. Siku nyingine sita nasikiliza redio.

Mwaka huu kiangazi kikali ndipo mke wa Mkuu, Mama Neema, aliponipigia. Nilimsikia anatembea huku anaongea, akiondoka karibu na mumewe asisikie. Alisema AC ya gari lao imekufa, mafundi wameongeza gesi mara nyingi haisikii, na Mkuu anataka kusafiri hivyo hivyo, madirisha wazi, kwenda kwa mama yake. "Atafia njiani, Baba Sabina," akasema. "Na asipokwenda, mama yake ndiye atakayekufa."

Ngoja niwaeleze habari ya huyo mama. Ni bibi kizee asiyeona, anaishi kijijini ng'ambo ya Geita, mwisho wa barabara ndefu ya vumbi jekundu. Mkuu ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Zamani alikwenda kila mwezi. Tangu kifua kizidi na gari lianze kusumbua, misimu miwili ya kiangazi ilipita hajafika. Aliwahi kujaribu kwa gari la kukodi lisilofunga vioo vizuri, akaishia kwenye oksijeni Kahama.

Sasa huku kwetu mzazi mzee akifiwa na mtoto haambiwi papo hapo. Anazungushwa. Anaambiwa mwanao hajambo, yuko safarini, kazi zimembana, atakuja. Yule bibi ameishi miaka mingi na amewahi yeye mwenyewe kuwaficha wenzake misiba yao kwa maneno hayo hayo. Basi kila mjumbe aliyefika akamwambia "Mwanao hajambo, vumbi tu ndilo linamzuia," bibi aliitika na kuanza kulia chini chini. Walimpigia simu asikie sauti. Akasema hata redio huimba kwa sauti za waliokufa. Mwishowe akaacha kula. Alikuwa anapiga funda moja la maji, akirudia sentensi moja kwa kila aliyeingia, kwamba wamwonyeshe kaburi.

Kumhamisha bibi haikuwezekana, mifupa ilikuwa imeisha. Mvua za kutuliza vumbi zilikuwa mbali. Njia ilikuwa moja, mtoto afike, afike akiwa na pumzi ya kumsalimu. Niliichukua geji yangu ya kupimia gesi iliyokuwa juu ya kabati, nikaipanguza, nikapanda basi la asubuhi kwenda Kagongwa.

Mkuu alikuwa barazani, amekonda, leso ile ile shingoni. Nikamwamkia, akaitika kwa kichwa kwanza, sauti ikafuata. Gari lenyewe ni saluni ya zamani, ya milango minne, rangi yake imefifia kwenye boneti. Niliwasha injini, nikawasha AC, nikakaa ndani. Mwanzoni ilipuliza vizuri, baridi safi. Halafu pole pole hewa ikaanza kupungua kwenye matundu, huku feni inanguruma kama kawaida. Baada ya muda feni ilikuwa inapiga kelele na mkononi sipati kitu.

Nikafungua boneti, nikafumba macho. Msicheke, mpaka leo nafumba. Bomba jembamba la moto, sawa. Bomba nene nikalikuta si la baridi tu, lina barafu, ukungu mweupe umeligandia mpaka kwenye kompresa. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Wanafunga geji, wanaona upande wa chini mshale umeshuka, wanasema gesi haitoshi. Wanaongeza. Mshale wa upande wa juu unapanda mno, kompresa inajizima kujiokoa, nao wanasema kompresa imechoka. Yule wa mwisho alikuwa amekwisha kumshauri Mama Neema anunue nyingine.

Nilizima gari nikachungulia chini. Injini ikiwa inawaka hakuna tone la maji lililodondoka, na AC nzima inayofanya kazi lazima itoe maji. Nilipoizima, baada ya kitambo, maji yakaanza kumwagika kama mtu ameacha bomba wazi. Basi nikajua. Evapareta ilikuwa inaganda. Hewa haikuwa inapita kwenye sega lile, kwa hiyo joto halikupata njia ya kulifikia, nalo likajijengea barafu mpaka likajifunga lote. Gesi haikupungua. Kilichopungua ni hewa.

Magari ya umri ule hayana chujio la ndani, ukitoa feni unaliona sega lenyewe. Nikafungua kasha lililo mbele ya kiti cha abiria, nikalala chali sakafuni, miguu nje, mgongo unanilaumu, nikaitoa feni. Nikaingiza mkono. Nilichokigusa nilikifahamu kabla ya kukitoa, maana nilikishika ujana wangu wote. Pamba. Pamba mbichi ya shambani, na mbegu zake, imelowa, imechanganyika na vumbi jekundu, imegandamana kwenye sega kama fulana iliyokauka na matope.

Nikamletea Mkuu bonge la kwanza barazani, nikamwekea kiganjani kama Foremani alivyokuwa ananifanyia. Mkuu akalitazama lile bonge, akaligeuza.

"Vumbi lilikuwa linaingia," akasema taratibu. "Kwenye matundu yale chini ya kioo cha mbele. Nikaziba kila tundu."

Mtu aliyelelewa kwenye shamba la pamba akiona tundu, pamba ndiyo anayoishika kwanza. Huku tunaziba nayo masikio, chupa za mafuta, hata kidonda. Mkuu alichukua ya shamba la mama yake, akaisokota, akashindilia, na feni ikaivuta kidogo kidogo mpaka ndani. Sikumcheka. Nilimwambia tu kwamba hata kabini ya lori tuliiachia njia ya hewa, na yeye ndiye aliyenifundisha. Akatikisa kichwa, akasema, "Kweli," akaomba maji ya kunywa.

Sababu yenyewe ya vumbi kuingia ilikuwa ndogo. Kuna kilango ndani ya dashibodi kinachochagua, hewa itoke nje au izunguke ile ile ya ndani. Waya wake ulikuwa umechomoka, kilango kimebaki wazi kuelekea nje. Niliuchomeka, nikaufunga na kibano kipya. Nikaliosha sega pole pole, nikirudia mpaka maji yakatoka meupe. Gesi iliyozidi nikaivutia kwenye mtungi. Zamani tulikuwa tunaiachia angani, siku hizi tumejifunza. Kisha nikakaa ndani, madirisha juu, nikasikiliza. Tak. Kimya. Tak. Nje Mama Neema alikuwa anafunga vitu vya safari na kuongea na jirani, nami kama kawaida sikusikia walichosema.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, mimi kwenye usukani, Mkuu pembeni yangu, Mama Neema nyuma. Lami ilipokwisha, lori lililotangulia lilitufunika kwa wingu jekundu hata boneti haikuonekana. Nilimtazama Mkuu. Alikuwa amefumba macho, anangoja kukohoa. Hakukohoa. Akavuta pumzi moja ya majaribio, kisha ya pili ndefu zaidi. Akanyoosha mikono yake mikavu, akaiweka mbele ya matundu ya hewa kama mtu anayeota moto, na hakuiondoa hapo safari nzima. Alikuwa anatabasamu peke yake. Sikuwahi kumwona akitabasamu karakanani.

Katikati ya njia tulikwama nyuma ya msafara wa malori, AC ikaanza kulegea. Sikungoja. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kondensa na upepo wa mwendo haupo. Nikatoka, nikafunga mlango haraka, nikamwaga dumu letu la maji ya kunywa lote kwenye wavu wa mbele. Mvuke ukapanda. Nilirudi ndani nikiwa mwekundu kuanzia nyusi hadi viatu, Mama Neema akanicheka, na klachi ikadaka tena.

Tulipokaribia kijiji watu walianza kusimama kando ya njia, maana gari huko linajulikana. Mkuu akapeleka kidole kwenye kitufe cha dirisha. Nikamwambia, "Usishushe, Mkuu. Pumzi hiyo si yao, ni ya mama yako." Akasema hawezi kuwapita wazee waliomlea amejifungia kama mgeni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaibika kweli kweli. Basi nikasimamisha gari, nikateremka mimi, nikawaamkia wazee mmoja mmoja kwa niaba yake, nikawaeleza habari ya kifua. Yeye alibaki ndani ameinua viganja kwenye kioo. Wazee wakamwinulia mikono. Midomo ilicheza, hakuna aliyemsikia mwenzake, nami nikakumbuka ule upande wa kioo nilioishi.

Bibi alikuwa ndani, amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, mgongo ukutani. Nyumba ilikuwa imenyunyiziwa maji sakafuni ili vumbi litulie. Mkuu alitembea hatua zile kutoka kwenye gari ameziba pua kwa leso, akaingia, akapiga magoti mbele yake, akaitoa leso. "Mwadila, mayu," akasema. Hiyo ni salamu yetu ya mchana kwa mama.

Bibi hakuitika. Alinyoosha mkono. Mwanawe akampa wake. Bibi akaushika, akapapasa kiganja, akapapasa vidole, kisha akauachia na kuukunja mkono wake kifuani.

"Mmeniletea maiti," akasema kwa Kisukuma, bila hasira. "Mkono huu hauna damu."

Mikono ile ilikuwa imekaa mbele ya baridi yangu safari nzima. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri mno. Wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kulia, na kilio chao kwa bibi kilikuwa ushahidi zaidi. Mkuu akafungua kinywa aseme kitu, aseme lolote, na hapo kifua kikamshika. Kile kikohozi tulichokilinda kwa saa zote zile kikatoka chote, kirefu, cha kuvutia mbavu, mpaka akainamia sakafu kwa viganja vyake. Moyoni nikasema tumekwisha.

Bibi aliinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa anasikiliza. Alikisikiliza kikohozi mpaka mwisho wake, na pumzi iliyofuata, na nyingine.

"Mzimu haukohoi," akasema. "Huyu ni mwanangu, na kifua kinamuuma. Mbona mmekaa tu? Leteni uji."

Ukaletwa uji, na mgonjwa haulizwi uji, lakini Mkuu alikataa kunywa mpaka mama yake anywe kwanza. Wakabishana kidogo, kisha wakanywa kwa bakuli moja, Mama Neema akiwashikia. Bibi alikuwa ameichukua mikono ya mwanawe na kuiingiza chini ya kanga yake, penye joto. Mimi nilisimama mlangoni nikijiandaa kutoka, maana hilo lilikuwa jambo la kwao.

"Na huyo anayepumua mlangoni ni nani?" bibi akauliza.

Mkuu akamwambia ni fundi, ndiye aliyemfikisha. Bibi akasema nilete mkono. Nikapiga magoti, nikampa. Wangu nao ulikuwa baridi, usukani uko karibu na tundu la hewa. Akaufumbata.

"Wewe pia," akasema. "Nyumbani kwako hakuna mtu?"

"Hakuna, mayu."

Hakuniambia pole. Aliuingiza mkono wangu chini ya kanga pamoja na ya mwanawe, akaendelea na uji wake. Nikakaa pale nimeinama, mkono wa pili nimeuegemeza sakafuni, mgongo unauma, nje injini inapoa, machozi yananitoka nami sina mkono wa kuyafutia.

Mkuu alibaki kule kungoja mvua, nami nikarudi Kambarage kwa basi. Nyumba niliikuta kama nilivyoiacha, redio mezani, geji nikairudisha juu ya kabati. Sijui kama nitaishusha tena. Macho yamepungua na mgongo hautaki tena kulala chali chini ya dashibodi. Nikiulizwa na vijana wa fani hii niwaachie nini, nawaambia yale ya Foremani. Msiongeze gesi kabla ya kugusa. Tafuteni kwanza hewa inapita wapi. Kabla hujafunga boneti, weka mkono juu ya mabomba yote mawili. Ukishamaliza, nenda nyumbani, na ukimkuta huko mtu wa kukulalamikia kwamba mikono yako ni ya baridi, usiichomoe haraka.